Nyumba Ifuate Maisha ya Wenyewe

(Hotuba ya Katibu wa Umoja, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tulipotakiwa na Halmashauri tuandae maneno machache kwa ajili ya siku hii, bila shaka wengi wenu mlitazamia tuseme habari za bei ya kahawa, mbolea na hesabu. Habari hizo zimekwisha kuelezwa na Bwana Mwenyekiti na Bwana Mhasibu, nazo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari za Umoja, ingawa ndilo linalokula sehemu kubwa ya fedha zinazotoka katika daftari hizo. Jambo lenyewe ni nyumba.

Maana tuulizane kwa haki: mkulima apokeapo malipo ya pili, hufanya nini? Hulipa karo ya watoto, akapunguza deni la dukani, na kinachosalia aghalabu hukipeleka penye bati, misumari na saruji. Si vibaya. Mtu aliyepita huku kwetu Nyanda za Juu Kusini miaka kumi iliyopita, akirudi leo, atashangaa kuona jinsi mabati yanavyometameta kati ya migomba. Hayo ni matunda ya kahawa na ya ushirika, nasi twajivunia. Lakini mgeni huyo akitazama vizuri ataona na jambo la pili. Ataona kuta zilizofika kwenye linta zikaachwa, nyasi zimeota sebuleni, na mbuzi wamelala katika chumba cha wageni. Nyumba za namna hiyo watu huziita mapagale. Sisi ofisini twawajua wenye mapagale kwa majina, kwa sababu kila mwaka huja kuomba mkopo wa kumalizia.

Tumekaa na wengi wao tukawauliza shida ilianzia wapi. Baadhi walipatwa na ugonjwa, na baadhi waliangushwa na bei mbaya ya msimu. Hao twawapa pole. Lakini mmoja wao alitupa jibu ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni. Alisema: "Bwana Katibu, mimi nilianza nyumba isiyo yangu." Maana yake, ramani aliiona mjini kwa shemeji yake, mtu wa mshahara, mwenye mke na watoto wawili, apikaye kwa gesi na kununua unga dukani. Ikampendeza, akaileta shambani kama ilivyo. Siku hizi hata safari ya mjini haihitajiki, kwani ramani hupitishwa katika simu, kila moja ina picha nzuri ya rangi, na hakuna hata moja iliyochorwa kwa kumfikiria mtu mwenye magunia ishirini ya mahindi na jembe lenye matope.

Kabla hatujamnyoshea mwanachama yeyote kidole, twapenda tukiri kosa letu wenyewe. Katika mwaka wa tatu wa Umoja tulijenga ofisi na ghala la kwanza. Tulikuwa na fedha kidogo na fahari nyingi. Tulipata ramani ya jengo la mjini, lenye nguzo mbele na vyumba vya maofisa, tukaipenda kwa sura yake. Hapana aliyeuliza magunia yatashuka wapi. Hapana aliyemwita mtunza ghala wala mpagazi kutoa shauri. Jengo likaisha, tukalifungua kwa ngoma. Ndipo yalipokuja magunia. Mlango ulikuwa mwembamba, wapagazi wawili hawakuweza kupishana. Sakafu ilikuwa karibu sawa na ardhi, nayo ardhi yetu, kama mjuavyo, ni ya mteremko. Mvua ya kwanza ya Novemba ikaingia ndani, ikalowesha safu ya chini ya magunia. Kahawa ile ikashuka daraja. Na waliokula hasara hawakuwa maofisa waliokaa nyuma ya nguzo, bali ninyi mlioileta ikiwa kavu. Mwaka uliofuata tulivunja ukuta, tukainua sakafu, tukajenga jukwaa la kushushia mizigo chini ya paa. Jengo moja tulililipia mara mbili.

Kosa lile halikuwa la fundi, kwani fundi alijenga alichoonyeshwa. Kosa lilikuwa katika swali. Tuliuliza, "Jengo lionekaneje?" Yatupasa tungaliuliza, "Ni kazi gani itakayofanywa ndani yake, na nani ataifanya?"

Wazee wetu hawakulikosa swali hilo. Wagogo, katika nchi kame, walijenga tembe zenye paa tambarare la udongo, vyumba vikizunguka ua ambamo ng'ombe walilala salama. Wachaga katika mteremko wa Kilimanjaro walijenga msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi toka kileleni hata karibu na ardhi, moto ukiwa ndani pamoja na mifugo, na samadi yake ikaenda kwenye migomba iliyouzunguka. Watu wa pwani, wenye joto na wageni wengi, walijenga nyumba yenye baraza mbele ya kuzungumzia, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambao wanawake waliweza kupika na kupumzika bila ya kuonekana na mpita njia. Hatusemi kwamba turudi tukalale na ng'ombe. Twasema kwamba kila nyumba katika hizo ilitokana na maisha ya wenyewe: mali yao, hali ya hewa yao, heshima zao. Mtu angeweza kuitazama nyumba akajua mwenyewe anaishije. Je, akitazama nyumba zetu za leo ataweza?

Basi, ndugu wanachama, twawashauri njia iliyo rahisi na isiyogharimu senti. Kabla ya kumwita fundi, andikeni siku moja ya nyumba yenu tangu alfajiri hata usiku. Nani huamka kwanza, naye hupita wapi? Moto huwashwa wapi, kuni zikiwa wapi wakati wa mvua? Mtu atokaye shambani avua viatu vya matope wapi, na jembe aliweka wapi? Mahindi hupukuchuliwa wapi? Watoto husomea wapi jioni? Mgeni akija hukalishwa wapi? Mkiisha kuandika siku ya kiangazi, andikeni na siku ya masika, kwa kuwa nyumba njema ya Agosti yaweza kuwa adhabu mwezi wa Februari. Kisha wahesabuni watu: walio nyumbani leo, na watakaokuwapo miaka kumi ijayo. Mtoto wa miaka sita wa leo atakuwa kijana wa kumi na sita, na mama yenu mzee hataweza tena kupanda ngazi tano.

Twawapa mfano. Mwanachama mmoja, mchapa kazi asiye na mfano, alijenga nyumba ya vyumba vitano, yenye sebule kubwa na jiko ndani kama walivyo watu wa mjini. Lakini mkewe hupika kwa kuni. Haukupita mwezi dari ikawa nyeusi, watoto wakakohoa, na mama akahamisha mafiga nje chini ya mchirizi wa paa. Jiko likageuka kuwa mahali pa mbolea. Stoo haikuwamo katika ramani, hivyo mahindi yakaingia chumba cha wageni na kahawa ikapangwa sebuleni. Wageni nao wakapokewa nje chini ya mparachichi, kama walivyokuwa wakipokewa zamani kabla ya sebule. Tulipokwenda kumtembelea, tulikaa hapo chini ya mti, tukaitazama nyumba ile nzuri iliyojaa magunia.

Baadaye, katika mkutano wa chama chao cha msingi, mke wake alisimama akasema maneno haya: "Waheshimiwa, nyumba nzima nimeisombea maji na mchanga kwa kichwa changu, lakini siku ramani ilipochaguliwa sikuitwa. Ningaliitwa, ningalisema neno moja tu, jiko." Mkutano ulinyamaza. Mumewe, kwa sifa yake, alisimama akakubali kwamba ni kweli. Na mwaka ule ule alimjengea jiko la nje lenye dohani. Lakini fedha za jiko lile zilikuwa ni za mbolea ya msimu, na mikahawa yake ilionyesha hivyo mwaka uliofuata.

Sasa twaomba tupite katika mambo ambayo ramani ya mkulima haina budi kuyajibu.

La kwanza ni mahali na jua. Nyumba ndefu ielekeze pande zake fupi mashariki na magharibi, ili jua kali la asubuhi na la alasiri lipige ukuta mdogo. Huku kwetu, katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, jua la mchana hupita upande wa kaskazini; kwa hiyo baraza la kaskazini litawapa wazee mahali pa kuota jua. Mvua hupigia upande gani, mwulizeni mzee wa kitongoji; yeye alikwisha kuangalia miaka sitini. Na katika mteremko, inueni msingi na kuchimba mtaro wa maji juu ya nyumba, msije mkapata somo tulilolipata sisi katika ghala letu.

La pili ni jiko. Kama mwapika kwa kuni, jiko lijengwe mbali kidogo na vyumba vya kulala, liunganishwe kwa njia iliyoezekwa, liwe na dohani na dirisha la kweli, na mahali pakavu pa kuwekea kuni. Mama hukaa humo saa nyingi kuliko baba akaavyo sebuleni. Basi kwa nini sebule iwe na madirisha matatu na jiko lisiwe na hata moja?

La tatu ni stoo. Kahawa iliyokaushwa hata unyevu wake ukabaki kama asilimia 11 yaweza kuharibiwa katika majuma machache na sakafu yenye unyevunyevu. Magunia yataka kupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, mahali penye hewa. Tena kahawa ni kama mtoto mdogo: hushika kila kilicho karibu nayo. Ikilala pamoja na mafuta ya taa, mbolea au dawa za kunyunyizia mikahawa, huchukua harufu yake, na mwonjaji ataipata katika kikombe. Zaidi ya hayo dawa hizo ni sumu. Zisiwekwe penye chakula wala penye kulala, bali katika kijumba chake chenye mlango wa nje na kufuli, ambako mtoto hafiki. Kwa mkulima, stoo ndiyo chumba cha kwanza cha kuchorwa, kwa sababu ndiyo inayolisha vyumba vingine.

La nne ni heshima za kulala. Jambo hili watu huliona haya kulisema, halafu huishi nalo maisha yao yote. Wavulana waliobalehe wataka chumba chenye mlango wao wa nje. Wasichana wataka chumba kilicho karibu na mama. Kwa mila zetu, mtu na mkwewe hawafai kupishana katika ujia mwembamba wa kwendea bafuni. Basi msimlaze mama mkwe mahali ambapo hana njia nyingine. Mambo hayo mwenye ramani ya mjini hayajui. Ninyi mwayajua.

La tano ni choo na maji. Wazee mwaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kwenye redio vijijini na kutoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Somo lake halijazeeka. Choo cha shimo kiwe chini ya mteremko kuliko kisima, na umbali usipungue mita 30. Na paa la bati ni shamba la maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,600; tukitoa moja ya tano inayopotea, zabaki lita 1,280. Hizo ni ndoo 64 za lita 20 ambazo hakuna mama wala binti atakayezitwika kutoka mtoni. Lakini yataka mifereji na tangi, na mahali pa tangi pawekwe katika ramani tangu mwanzo.

La sita ni fedha. Kila kona ya ukuta na kila mkunjo wa paa una gharama, na penye mikunjo ndipo paa lianzapo kuvuja. Nyumba ya mraba au ya mstatili yenye paa la migongo miwili huezekwa kwa bati chache kuliko ile yenye vichwa vinne. Ujia nao hula fedha: ujia wenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 30 ni futi za mraba 120, yaani sawa na chumba kizima cha futi 10 kwa 12, mlichokijenga, mkakisakafia na kukiezeka, wala hapana alalaye ndani yake. Na mnunuapo bati, kumbukeni kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo.

Tena jengeni kwa sehemu. Yupo mjane mmoja katika vyama vyetu, mwenye shamba dogo kuliko mengi. Yeye alichora nyumba ya vyumba vinne, lakini akajenga viwili tu, pamoja na stoo, jiko la nje na baraza pana. Ukuta wa mwisho aliuachia nafasi ya mlango, akaiziba kwa matofali ya udongo, ili siku ya kuongeza asivunje. Majirani walimcheka kwamba amejenga nyumba nusu. Misimu miwili ikapita, akahamia. Msimu wa tano akaongeza chumba cha tatu, wala hakuomba mkopo. Wale waliomcheka, wawili kati yao bado wana mapagale. Waswahili husema, mwiga tembo hupasuka msamba. Na katika kujenga, msamba upasukao ni shamba.

Mkiisha kupatana juu ya karatasi, ichoreni nyumba ardhini. Pigeni mambo, fungeni kamba, mwage majivu mahali pa kuta. Tandikeni mkeka mahali pa kitanda, wekeni meza na viti. Kisha jamaa wote waingie, babu kwa fimbo yake na mama kwa ndoo yake, wapite kama watakavyopita siku zote. Mtaona mara mlango unaogonga kitanda, na dirisha linalotazama choo cha jirani. Kuhamisha kamba ni kazi ya dakika moja, na kuhamisha ukuta ni kazi ya msimu mmoja wa kahawa.

Bwana Mwenyekiti, mwisho twaleta maombi matatu mbele ya Halmashauri. Kwanza, mwanachama aombapo mkopo wa kujengea, alete ramani iliyokubaliwa na mume na mke, kila mmoja akiweka sahihi au dole gumba lake. Pili, kila chama cha msingi kiweke ofisini ramani chache za nyumba za wakulima wenzetu, zilizokwisha kukaliwa na kujaribiwa, pamoja na maelezo ya wenyewe juu ya kipi kilifaa na kipi kilikosa. Tatu, mkopo utolewe kwa sehemu, na sehemu ya kwanza itoshe kufikisha paa juu ya vyumba vya mwanzo, ili fedha za wanachama wote zisiendelee kulala ndani ya kuta zisizo na paa. Twajua ombi la kwanza litaleta maneno. Wako watakaosema kwamba nyumba ni ya mwanamume. Sisi twawajibu kwa upole kwamba deni la nyumba, tuliyeona akilipa, ni jamaa nzima.

Miaka kumi ya kwanza Umoja wetu umejifunza kuitunza kahawa mpaka iuzwe. Miaka kumi ijayo na ijifunze kuzitunza fedha za kahawa mpaka ziwe makao. Hatutamani kuona nyumba kubwa katika kila kilima. Twatamani kuona nyumba zilizokwisha, zisizovuja, zenye moshi unaotoka mahali pake, kahawa kavu katika stoo, na mgeni aliyekalishwa ndani.